Macho Makavu? Chagua Lenzi Utakayoivaa Mpaka Jioni

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunachagua lenzi za macho kwa mtu ambaye ikifika alasiri macho yanawasha, yanakwaruza, anatamani azivue palepale alipo.

Kupimwa sitakuelezea kwa urefu. Ni lazima upimwe, hata kama nguvu ya miwani yako unaijua, kwa sababu lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe. Mwambie mpimaji waziwazi kwamba macho yako ni makavu, akukague machozi na tezi za mafuta zilizo kwenye kope. Mtajie na dawa unazotumia, maana baadhi ya dawa za mzio hukausha macho. Basi, tuje mezani.

Nina boksi hapa. Ngoja, taa inameta kwenye maandishi... nalilaza kidogo. Haya, mnaona sasa? BC 8.6 ni mkunjo wa lenzi. DIA 14.2 ni kipenyo kwa milimita. Hizo ni za mpimaji wako, usizibadilishe mwenyewe. Sisi tunatafuta mambo mawili: lenzi imetengenezwa kwa nini, na ina maji asilimia ngapi.

Wengi wakiona maji 70% wanasema hii ndiyo ya jicho kavu. Mara nyingi sivyo. Lenzi laini ya kawaida yenye maji mengi hukauka ukikaa kwenye feni au kiyoyozi, na jicho ambalo tangu mwanzo lina machozi machache ndilo linaloumia. Mimi napenda kuanzia kwenye silikoni haidrojeli, yaani lenzi laini iliyochanganywa na silikoni, yenye maji ya wastani. Zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na oksijeni hupita kwenye silikoni yenyewe, haitegemei maji kuibeba. Ila silikoni kwa asili haishiki unyevu, kwa hiyo kila kampuni ina namna yake ya kuutengeneza uso wa lenzi. Ndiyo maana maboksi mawili yenye namba zinazokaribiana yanaweza kukupa jioni mbili tofauti kabisa. Omba lenzi za majaribio.

Za siku moja au za mwezi? Kama mfuko unaruhusu, za siku moja, sisiti hata kidogo. Unatupa usiku, asubuhi unavaa mpya, hakuna utando wa protini na mafuta unaojijenga wiki baada ya wiki.

Sasa sogeeni karibu, hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Lenzi iko kwenye ncha ya kidole. Itazame kwa ubavu. Kingo zikisimama wima kama bakuli, iko sawa. Zikifunguka nje, imepinduka. Hii... inateleza, kidole kina maji. Nakausha, naiweka tena. Mnaona kingo zilivyolala nje? Imepinduka hii. Ukiivaa hivi itakukera, na utailaumu lenzi isiyo na kosa. Kwa hiyo kabla hujasema lenzi fulani imekushinda, angalia kingo. Kila lenzi, kila asubuhi, angalia kingo.

Ukishavaa, dakika za kwanza zisikudanganye, karibu kila lenzi mpya ni tamu. Ishi siku yako ya kawaida, fanya kazi kwenye kompyuta kama ulivyozoea, kwa sababu mbele ya skrini tunapepesa macho mara chache sana. Andika saa ulipoanza kuihisi. Hiyo saa ndiyo utakayompelekea mpimaji, naye itamsaidia kuliko kumwambia tu “zinaniwasha”.

Matone ya kulainisha yawe yameandikwa kwamba yanafaa kwa lenzi, na yasiyo na kihifadhi ndiyo ninayoyapenda. Maji ya bomba hapana, mate hapana. Kwenye maji kuna vimelea vinavyoweza kula konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Na kama umejaribu aina kadhaa na bado hali ni ileile, muulize daktari wa macho kuhusu lenzi za sklera. Ni kubwa na ngumu, zinakaa kwenye sehemu nyeupe ya jicho, na chini yake kuna majimaji yanayoilowesha konea muda wote uliozivaa. Kuzizoea kunataka subira, lakini kwa ukavu mkali zimewarudishia watu wengi raha ya kuona.

Jicho likiwa jekundu, likauma au likashindwa kuvumilia mwanga, vua lenzi saa hiyohiyo, uende ukaonwe siku hiyohiyo.