Lagniappe: nyongeza iliyotoka Andes

Mabibi na mabwana, neno ninalotaka tulitazame jioni hii ni la New Orleans, Marekani: lagniappe. Hutamkwa "lanyap". Ni kile kidogo ambacho muuzaji humwongezea mteja bure, baada ya mteja kupata alicholipia.

Ukiliona limeandikwa utadhani ni Kifaransa. Tahajia kweli ni ya Kifaransa, lakini asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwa wasemaji wa Kikechua. Kwao yapay ni kuongeza. Wahispania waliotawala huko wakalichukua, likawa yapa, na penginepo ñapa. Louisiana nayo, eneo lenye New Orleans, ilikuwa chini ya Hispania kwa miaka mingi, kabla haijarudishwa kwa Ufaransa na Marekani kuinunua kutoka huko mwaka 1803. Hivyo la ñapa ikaingia madukani, wasemaji wa Kifaransa wakaiandika walivyoisikia, na ile "la", kijineno cha Kihispania kinachotangulia nomino, ikagandamana na neno moja kwa moja.

Utawala wa Hispania uliondoka, neno likabaki. Mimi naamini lilibaki kwa sababu mnunuzi mdogo kabisa aliruhusiwa kulidai. Mwandishi wa Marekani Mark Twain, katika kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu mto Mississippi, anamtaja mtoto aliyekwenda dukani: akishanunua anaomba lagniappe, naye mwenye duka anampa kipande cha urukususu, mzizi mtamu wa kutafuna. Twain aliona neno hilo peke yake linatosha kumfanya mtu afunge safari hadi New Orleans.

Huko Peru yapa ingali hai. Nenda sokoni kwa akina mama wauza juisi. Unakunywa glasi yako, unaomba yapa, na mama anakumiminia iliyobaki kwenye blenda. Tazameni mpangilio wake: glasi ya kwanza ilikuwa imejaa. Anayekupunja kipimo kisha akakurudishia kidogo hajakuongezea kitu, amekulipa deni.

Nasi tunalijua jambo hili vizuri. Fungu la nyanya likishaingia kwenye mfuko, mtu husema, "Niongezee basi, mama," na nyanya moja hufuata. Kwa wenzetu wa Lubumbashi utasikia matabishi, neno lililotokana na Kireno, mata-bicho, yaani "ua mdudu", jina la kinywaji kikali cha asubuhi kabla ya chakula. Kutoka kinywaji likawa bakshishi, na sokoni likawa nyongeza.