Doa Jekundu Kwenye Picha ya Ubongo

Mhadhara kwa walimu, wauguzi na wanafunzi, Lamu

Asalaam aleikum, walimu wangu, wauguzi, wanafunzi, na wazee mlioketi mbele.

Mmeziona picha zile: ubongo wa kijivu wenye doa jekundu, na chini yake imeandikwa kwamba hapa ndipo penye mapenzi, au hiki ndicho kituo cha hofu. Doa lile lina thamani, tena kubwa, lakini si hiyo inayotangazwa. Tulifuate tangu linapozaliwa.

Mashine inayopiga picha hizo, iitwayo MRI, ni sumaku yenye umbo la bomba, aghalabu ya tesla 1.5 au 3, tesla ikiwa ni kipimo cha nguvu za sumaku. Ile ya tesla 3 ina nguvu zipatazo mara 60,000 za usumaku wa dunia unaogeuza dira ya jahazi. Haizimwi jioni, inavuta usiku na mchana. Ndiyo maana pini za mtandio huvuliwa mlangoni, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo haingii mpaka ithibitishwe kuwa kifaa chake kinaruhusu. Hata baadhi ya rangi za kope za dukani zina chembe za chuma zinazoharibu picha karibu na macho, kwa hiyo uso unaoshwa kwanza.

Sumaku hiyo haisomi wazo, wala haipimi umeme wa neva. Inapima damu. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, ikiwa imeibeba na ile iliyokwisha kuitua hazina tabia moja mbele ya sumaku: iliyotua huvuruga usumaku wa jirani yake, na mawimbi yanayoirudia mashine hufifia. Sehemu ya ubongo ikishughulika hupelekewa damu mpya kupita mahitaji yake, ile iliyotua oksijeni hupungua, mawimbi hupanda. Hupanda kwa asilimia 1 au 2, mara nyingi chini ya hapo. Neva humaliza kazi kwa sehemu chache tu za elfu ya sekunde, na damu hufika kileleni baada ya sekunde 5 au 6. Tena picha imegawanywa katika vijisanduku vya milimita 3 hivi kila upande, na kimoja tu kina seli za neva laki kadhaa. Ni kama kusoma mita za umeme za mji mzima: utajua usiku huu Mkomani wametumia zaidi ya Langoni, lakini kama ni arusi, ni khitma au ni friji mbovu, mita haisemi.

Sasa doa. Ubongo haupumziki, hata usingizini, kwa hiyo picha moja peke yake haina habari. Doa hupatikana kwa kutoa: kipimo cha kazi hii, toa kipimo cha kazi ile. Hapo ndipo penye mhadhara wote wa leo.

Tupange jaribio linaloifaa Lamu, maana hapa wapo wasomao Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini. Mtu alale ndani ya bomba, aonyeshwe maneno kwa herufi za Kiarabu sekunde 20, apumzike 20, kisha maneno yale yale kwa Kilatini sekunde 20. Mzunguko urudiwe mara 8 au 10. Tukitoa, doa litatokea. Je, ni makao ya herufi za Kiarabu? Hasha. Huenda msomaji wetu anasoma Kilatini kwa kasi na Kiarabu kwa kusita, na doa ni la jitihada. Huenda ni la macho, yanayotoka kulia kwenda kushoto. Basi chagua wasomaji wenye kasi sawa kwa herufi zote mbili, ongeza maumbo yanayofanana na herufi lakini hayasomeki, ndipo utoe tena. Na atulie: kichwa kikisogea milimita 2, kijisanduku kimeshahamia mahali pengine, na kukohoa kunatosha.

Kazi ya namna hii imeshafanywa kwa maandishi ya Kilatini, Kiebrania na Kichina, na eneo lile lile, upande wa kushoto chini ya ubongo kuelekea nyuma, hujitokeza. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 na ushei tu, muda mdogo mno kwa ubongo kuumbika upya kwa ajili yake. Maana yake kusoma kumeazima sehemu iliyokuwa na kazi nyingine ya kutambua maumbo. Hilo ni jambo kuhusu akili, na kumtazama msomaji kwa nje tu kusingetupa.

Kuna na hesabu. Vijisanduku vikiwa 50,000, na kila kimoja ukakiruhusu kukosea mara 5 katika 100, utapata 2,500 vinavyowaka bure. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka mashineni samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza wana hisia gani. Bila kusahihisha hesabu, doa likatokea ubongoni mwake! Walipoisahihisha, likatoweka. Wavuvi wetu wangewaambia bila mashine, lakini wasomaji wa majarida walihitaji kuonyeshwa.

Kosa la mwisho ni kusoma kinyumenyume: amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, imewaka, basi mtu ana hofu. Amigdala huwaka pia kwa kipya na kwa kinachofurahisha.

Wauguzi, hili ni lenu. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimpima mwanamke aliyeonekana hana fahamu baada ya ajali. Aliambiwa awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea vyumbani kwake. Maeneo mawili tofauti yaliwaka kwa zamu, kama ya watu wazima wa afya. Katika utafiti uliofuata wa mwaka 2010, wagonjwa 5 kati ya 54 waliweza hivyo, na mmoja akajibu maswali ya ndiyo na siyo, tenisi ikiwa jibu moja na nyumba jibu la pili. Waliobaki 49 picha haikuwahukumu: huenda mtu alikuwa usingizini, hasikii, au hakuelewa maagizo. Kipimo hicho kikitoka kitupu, hurudiwa siku nyingine.