Timu ya Mji Ambayo Si Mali ya Mji

Ahsante, Mwenyekiti. Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za jioni. Kabla sijaanza naomba kitu kimoja: mtu asininyooshee mkono kuniuliza nani mkali kati ya Jordan na LeBron. Nimeulizwa hilo msibani, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, na jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu. Mimi si mchambuzi. Miaka niliyoishi St. Louis, jimbo la Missouri, nilikuwa shabiki wa sebuleni tu: nikipata nafasi naangalia, usingizi ukinizidi nalala. Ila kuna jambo moja nililiona kule, nimelisema mpaka wengine humu mnaweza kulimalizia. Nalirudia kwa sababu kila msimu anatokea mtu redioni kutuambia tuwakabidhi matajiri Simba na Yanga, mzima mzima, "kama wanavyofanya Marekani".

Haya. Twendeni Marekani.

Timu ya Marekani haiko chini ya mji, wala chini ya wanachama. Iko chini ya mwenye nayo, na yeye yuko chini ya wenye timu wenzake. NFL, ligi ya futiboli yao ile ya kofia ngumu, ina timu 32. Hakuna kupanda daraja, hakuna kushuka. Ukishakuwa ndani, uko ndani, hata ukifungwa msimu mzima. Na ukiona mji ulipo haukulipi, unaomba kura ya matajiri wenzako, wakikubali unahama. Jina la mji mwingine linashonwa kwenye jezi, maisha yanaendelea. Timu inakuwa kama daladala inayokatisha ruti: abiria mnateremshwa njiani, na nauli mmeshalipa.

Sasa mnisikilize kuhusu Rams, maana hapa ndipo roho yangu ilipo.

Rams walianzia Cleveland miaka ya 1930. Mwaka 1946 wakahamia Los Angeles. Mwaka 1995 wakaja St. Louis. Na St. Louis, ili kuwapata, ilijenga uwanja uliofunikwa paa kwa fedha za umma: jimbo limo, jiji limo, wilaya imo, wote wakaingia kwenye deni la miaka na miaka. Halafu wakaweka saini kwenye mkataba wenye kifungu ambacho mimi nikikisoma hadi leo nasikia kizunguzungu. Kifungu kinasema uwanja ule lazima uendelee kuwa miongoni mwa robo ya viwanja bora kabisa vya ligi nzima. Ukishuka hapo, timu iko huru kuondoka. Hebu fikirini. Wenzako kila mwaka wanajenga viwanja vipya, wewe umejifunga kwamba wako hautazeeka.

Lakini mwanzo ulikuwa mtamu. Quarterback wao, yaani yule anayerusha mpira, alikuwa Kurt Warner, kijana ambaye miaka michache nyuma alikuwa anapanga bidhaa usiku kwenye rafu za supamaketi kule Iowa. Msimu wa 1999 alitokea benchi baada ya aliyekuwa mbele yake kuumia, na Januari 2000 akawapa Super Bowl, fainali yao kubwa, 23 kwa 16 dhidi ya Tennessee. Baba mwenye nyumba wangu, mzee mstaafu wa reli, alikuwa na kikombe cha chai chenye picha ya Warner. Hakukinywea chai. Kiliwekwa juu ya televisheni, na Jumapili saa sita mchana, mechi zinapoanza huko, ole wako uguse kile kikombe. Mimi futiboli ile nilifundishwa na huyo mzee. Kila wakisimama, na wanasimama kila baada ya sekunde chache, ananieleza kwa nini wamesimama.

Ninyi mashabiki wa Arsenal sasa kaeni sawa. Mwaka 2010 Rams wote wakawa mali ya Stan Kroenke. Ndiyo, huyo huyo Kroenke wenu, mwenye Arsenal. Jina lake kamili ni Enos Stanley Kroenke. Amezaliwa Missouri, na majina hayo mawili alipewa kwa heshima ya wachezaji wawili wakubwa wa besiboli wa St. Louis Cardinals: Enos Slaughter na Stan Musial. Mtu amebeba majina ya mashujaa wa mji ule kwenye cheti chake cha kuzaliwa! Na mwaka 1995 aliponunua hisa zake za kwanza, alikuwa mmoja wa waliosaidia kuileta timu St. Louis. Mzee wangu alikuwa anasema, huyu ni wa nyumbani, huyu hatatuacha.

Tarehe 12 Januari 2016 wenye timu wakapiga kura: 30 kwa 2. Rams warudi Los Angeles. Jiji lilikuwa limekwisha kuandaa mpango wa uwanja mwingine mpya wa zaidi ya dola bilioni moja, sehemu yake fedha za umma tena, kando ya mto Mississippi. Hapana. Maombi ya kuhama yalikuwa yameandika kwamba mji wenyewe uko nyuma kiuchumi. Mtu anakuacha, na njiani anakutangaza kwa majirani kwamba wewe ni maskini. Na deni la ule uwanja wa kwanza? Lilibaki likilipwa, huku uwanjani wanacheza upepo na maonyesho ya biashara.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: na wao si waliichukua kutoka Los Angeles? Waliichukua, mzee wangu. Na kabla ya hapo St. Louis ilikuwa na timu nyingine ya futiboli, nayo ikahamia Arizona mwaka 1988. Ndiyo hoja yangu yenyewe! Kila mji unaibiwa na kila mji unaiba, anayechekelea katikati ni mwenye timu, maana kila mji una hofu, na mwenye hofu hajui kupatana bei.

Mwingine atasema, mali ni yake, aende nayo anakotaka. Sawa. Basi uwanja ajenge mwenyewe tangu siku ya kwanza. Tena nimtendee haki: kule Inglewood, pembeni ya Los Angeles, uwanja wa SoFi uliofunguliwa 2020 Kroenke alijenga kwa fedha binafsi. Kumbe inawezekana! Mbona St. Louis waliambiwa uwanja hauwezekani bila fedha ya mlipakodi?

Februari 2022 Rams wakatwaa Super Bowl, tena kwenye uwanja wao wenyewe, 23 kwa 20 dhidi ya Cincinnati. Wakati huo nilikuwa nimeshahama, nikampigia mzee simu. Alikuwa ameshangilia Cincinnati mechi nzima, mji ambao hajawahi kukanyaga. Nikamuuliza, kile kikombe je? Akakata simu. Nadhani mtandao, lakini sina uhakika.

St. Louis walishtaki, ndiyo. Mwezi Novemba 2021 ligi na Kroenke walikubali kulipa dola milioni 790 ili kesi isifike mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Mawakili wakaondoka na zaidi ya theluthi. Timu haikurudi.

Msidhani nimechagua kisa kimoja kibaya nikakikuza. Baltimore, usiku wa Machi 1984, bunge la jimbo lilikuwa linapitisha sheria ya kuliwezesha jiji kuitaifisha timu ya futiboli ya Colts. Mwenye timu hakusubiri asubuhi. Malori ya kuhamisha vyombo vya nyumbani yalifika gizani, yakapakia kila kitu, kulipokucha timu ilikuwa njiani kwenda Indianapolis. Seattle walikuwa na timu ya kikapu zaidi ya miaka 40, mabingwa wa 1979. Mwaka 2008 ikapelekwa Oklahoma City, na mwaka 2025 Oklahoma City hao wakawa mabingwa wa NBA, ligi yao ya kikapu. Mtu wa Seattle aliangalia hiyo fainali kwa moyo gani?

Na Oakland ndiyo balaa. Mwaka 2019 timu ya kikapu, Warriors, ikavuka ghuba kwenda San Francisco. Mwaka 2020 timu ya futiboli, Raiders, ikaenda Las Vegas. Ikabaki ya besiboli, Athletics. Mwenye timu alipotangaza kwamba nayo inakwenda Las Vegas, mashabiki walifanya mgomo wa kinyume: badala ya kususa, Juni 2023 walijaza uwanja, zaidi ya watu 27,000 kwenye uwanja uliokuwa umezoea viti vitupu, wakaimba usiku kucha "Uza timu!" Haikuuzwa. Septemba 2024 walicheza mechi ya mwisho Oakland. Las Vegas uwanja haujaisha, kwa hiyo sasa wanacheza kwenye kiwanja kidogo cha ligi ya chini karibu na Sacramento, na rasmi wanaitwa Athletics tu. Hawana mji kwenye jina.

Kaka pale nyuma, nimekusikia. "Na Ihefu?" Ndiyo, Ihefu ilikuwa ya Mbarali, ikaishia Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Unadhani nimekuja hapa kuwasimulia ya Wamarekani kwa sababu sina kazi nyumbani?

Sasa, kuna sifa ambayo lazima niwape. Ligi zao zina usawa ambao Ulaya hauko. NFL inagawa fedha za televisheni za kitaifa sawa kwa sawa kwa timu zote, utaratibu uliowezeshwa na sheria ya mwaka 1961. Tangu 1994 kuna kikomo cha mishahara. Timu mbovu inachagua kwanza vijana wapya kwenye drafti. Ukisikia hivyo unadhani wamesoma Azimio la Arusha. Wamelisoma, lakini wameligawa kwa timu 32! Ndani ya chumba cha matajiri ni ujamaa mtupu. Ukitoka mlangoni, shabiki na mlipakodi wanakutana na soko huria.

Na hiyo drafti nayo ina mambo yake. Philadelphia 76ers, timu ya kikapu, msimu wa 2015/16 walicheza mechi 82 wakashinda 10. Kwetu timu hiyo ingekuwa Championship, inasafiri kwa basi bovu. Wao walipewa chaguo la kwanza la drafti. Na mchezaji haulizwi anataka kwenda wapi. Mtoto wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Mnacheka. Msicheke. Kijana alipelekwa Memphis, timu iliyokuwa imeshinda mechi 24 tu msimu uliotangulia, akatarajiwa kuwa mkubwa kabla hajaota mizizi, na haukupita mwaka akashushwa kwenye ligi ya chini. Ningependa kujua Thabeet angekuwa nani kwenye timu yenye subira. Na hiyo Memphis mnajua ilitoka wapi? Vancouver, Kanada. Ilihamishwa 2001.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia.

Aprili 2021 mlimwona Kroenke huyo huyo, pamoja na wamiliki wa Manchester United na Liverpool, Wamarekani wenzake, kwenye ile Super League ya vilabu 12. Waanzilishi wasishuke, wasitolewe, wabaki humo milele. Watu walishangaa wametoa wapi wazo hilo. Wametoa nyumbani kwao! Kule ndivyo ligi ilivyo. Mashabiki wa Uingereza waliingia barabarani, na ndani ya siku mbili vilabu vyote sita vya Uingereza vikajitoa. Shabiki wa Uingereza ana sauti kiasi hicho kwa sababu bado anaamini klabu ni yake. Wa Marekani ameshazoeshwa kwamba amealikwa.

Isipokuwa mahali pamoja. Green Bay, Wisconsin, mji wa watu kama laki moja na kidogo, una timu ya NFL, Packers, na haina tajiri mwenye nayo. Tangu 1923 ni ya wanahisa, leo zaidi ya nusu milioni. Hisa haina gawio, huwezi kuiuza sokoni, haikupi hata tiketi, na bado walipouza nyingine mwaka 2021 kwa dola 300 watu walizigombania. Timu ile haijahama. Haiwezi kuhama! Na ligi ilifanya nini ilipoona mfano huo? Iliupiga marufuku kwa timu nyingine zote. Green Bay wameachwa kwa kuwa walikuwepo kabla ya kanuni. Sasa mtu anayeniambia wanachama wetu kubaki na asilimia 51 ya klabu ni ushamba, aniambie kwanza kwa nini matajiri wa NFL wameuogopa ushamba huo mpaka wakauandikia kanuni.

Besiboli na ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1922 iliyowaondoa kwenye sheria za ushindani, sikuigusa. Kikapu cha wanawake sikukigusa, na nilikuwa nimejiandaa. Mtanialika tena. Maswali sasa: kaka mwenye jezi ya Arsenal aanze, maana naona hajatulia tangu nilipomtaja Kroenke.