Chombo Kikavu Kwanza, Moto Baadaye

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Likitangazwa wimbi la baridi kali, wanaoishi ndani ya mashua za tanga huanza kuulizana ni hita gani inafaa. Leo nawaomba tuanze na maji. Anayeteswa na baridi chomboni mara nyingi anateswa kwanza na unyevu: godoro limelowa, nguo kabatini zimeota ukungu, na hita inanguruma usiku kucha bila kuleta raha.

Unyevu huo unatoka wapi? Kwanza kwenu wenyewe. Watu wawili wakilala usiku mmoja, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya nusu lita ya maji. Halafu jiko la gesi. Kila kilo 1 ya propani ikiungua huzaa zaidi ya kilo 1.5 za mvuke, na mvuke hukimbilia palipo baridi kuliko pengine pote: fremu ya alumini ya dirisha, boliti zilizotoboa sitaha, ubavu wa chombo nyuma ya makabati. Hapo hugeuka matone. Kwa hiyo jiko la kupikia lisifanywe hita. Joto litapatikana, lakini pamoja nalo mnajimwagia maji humo humo kabini, na hewa ikipungua jiko linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu usingizini. Jiko la mkaa ndilo baya zaidi; lisiingie ndani hata kama limeshakolea.

Hita inayofaa ni ile inayovuta hewa ya kuchomea kutoka nje na kutoa moshi nje, kama hita ya dizeli. Lita 1 ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10, hivyo hita ya kilowati 2 ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa kama robo lita kwa saa. Msinunue kubwa kupita haja. Hita kubwa hushindishwa kwenye moto mdogo, dizeli haiungui vizuri, na masizi yanajaa chumba cha kuchomea. Hata yenye ukubwa sahihi, iacheni iwake kwa nguvu zote nusu saa kila siku ili ijisafishe.

Hitilafu inayowasumbua watu zaidi hutokea wakati wa kuwasha. Hita plagi, kijiti kinachopashwa moto kwa umeme ili kuiwasha dizeli, huvuta hadi kama ampia 10 kwa dakika chache. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, volti hushuka njiani, hita inazima, na mwenye chombo anaamini imekufa. Pimeni volti pale waya unapoingia kwenye hita yenyewe, wakati inajiwasha. Kipimo cha kwenye betri hakitawaambia kitu, maana tatizo liko kwenye waya. Mara nyingi dawa ni waya mnene na maungio yake yaliyosuguliwa yakang'aa.

Wanaotumia umeme wa gatini, fanyeni hesabu. Laini ya ampia 16 kwa volti 230 inatoa wati 3,680, lakini kwa mzigo wa usiku kucha msivuke asilimia 80, yaani kama wati 2,900. Hatari kubwa iko kwenye plagi iliyoliwa na chumvi. Baada ya nusu saa ishikeni kwa mkono. Ikiwa ya moto, zimeni. Mkikuta pini za plagi zimegeuka kahawia, badilisheni plagi na soketi pamoja, kwa sababu upande uliounguzwa utauharibu ule mpya. Radieta ya mafuta ni salama kuliko hita ya feni.

Sasa kuzuia joto lisitoroke. Kateni sponji isiyonyonya maji, ipite kidogo ukubwa wa mlango wa sitaha, kisha ishindilieni mpaka ikae yenyewe. Madirisha yafunikeni kwa plastiki nyembamba na utepe unaonata pande mbili, muikaze kwa mashine ya kukaushia nywele. Hewa iliyobaki katikati ndiyo kinga. Godoro likae juu ya vibao vyenye nafasi na linyanyuliwe kila asubuhi. Matundu ya hewa yabaki mawili, moja chini na moja juu. Najua inauma kuacha tundu wazi kwenye baridi, lakini mkiyaziba yote mnafungia maji ndani. Mashine ya kukausha hewa iwe ya aina inayonyonya unyevu kwa kemikali; ile ya kompresa huganda barafu kabini ikipoa.

Maji ya nje yakiwa hayajaganda, sehemu ya chombo iliyozama hukaribiana nayo kwa joto, na bahari huganda kwenye nyuzi -1.8. Kwa hiyo mabomba yanayopasuka mapema ni yale yaliyo juu ya usawa wa maji ya nje, nyuma ya makabati. Acheni milango ya makabati wazi. Mpira wa maji wa gatini utolewe maji yote kila baada ya kujaza tangi.

Gesi ya butani haitoki mtungini chini ya nyuzi -0.5, tumieni propani. Betri za lithiamu zisichajiwe chini ya sifuri, zinaharibika kabisa. Theluji ikianguka, kabla ya kuwasha hita tokeni nje mfagie tundu la moshi na matundu ya hewa, na king'ora cha kaboni monoksaidi kikae karibu na mto wa kulalia, kikibonyezwa kujaribiwa kila wiki.