Ganzi kwa Mchezaji Aliyevilia Damu

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Najua wengi mkisikia neno ganzi mnakiona kiti cha daktari wa meno. Leo jino tuliache. Tuna mchezaji aliyegongwa nyonga, damu imevilia ndani, na mechi ni kesho. Tumchome sindano acheze?

Dawa tunayoitumia sana ni lignokeini. Waliitengeneza Wasweden wawili, Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, mwaka 1943, na Lundqvist akajidunga mwenyewe kuijaribu. (Msimuige.) Huziba vijia vya sodiamu kwenye neva, habari ya maumivu isifike ubongoni. Basi. Damu iliyovilia iko palepale, nyuzi za msuli zilizokatika ziko palepale. Tena penye uvimbe mkali tishu huwa na asidi, dawa hupenya neva kwa taabu, na hapo ndipo mkono wa daktari unawashwa kuongeza dozi.

Daktari John Orchard wa Australia alifuatilia wachezaji wa raga na wa kandanda ya Kiaustralia, akachapisha matokeo mwaka 2002. Ninachompendea ni kwamba hakutoa jibu moja kwa wote. Aliangalia jeraha liko wapi. Ukingo wa mfupa wa nyonga uliovilia damu, kidole, mbavu, kiungo cha juu ya bega: huko hakuona madhara makubwa mengi. Goti na kifundo cha mguu mimi sivigusi, kwa sababu mtu akitua vibaya hajui kwamba ameumia zaidi.

Hata mbavu msizidharau. Septemba 2020, Tyrod Taylor, mchezaji wa Los Angeles Chargers kule Marekani, alichomwa sindano ya maumivu ya mbavu kabla ya mechi. Ncha ikatoboa pafu. Hakucheza.

Na kuna mguu ambao hata mwenye mkono mwepesi hapaswi kuutia ganzi: umegongwa chini ya goti, msuli umekakamaa kama ubao, na ukimnyoosha vidole anapiga kelele. Presha imepanda ndani, damu haipiti. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji, saa hiyohiyo. Yale maumivu ndiyo kengele yenu. Mkiizima, mtaujua ukweli wakati msuli umeshakufa.

Haya, naona mikono. Wewe mwenye kofia, anza.