Pampu Ukutani: Chembe Nano na Saratani Sugu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nashukuru mmeacha korosho juani mkaja kunisikiliza hapa Mtwara.

Mgonjwa anawekewa dripu, uvimbe unasinyaa, nyumbani wanashangilia. Baada ya miezi unarudi, na dawa ileile haiufanyi kitu. Hapo maneno huanza: karogwa, dawa ilikuwa feki. Mara nyingi si hivyo. Seli za saratani zimejua kufua maji.

Wavuvi wa Mikindani mnanielewa. Chombo kinavuja, lakini mwenye kopo akiyafua maji upesi kuliko yanavyoingia, hakizami. Mwaka 1976, Rudolph Juliano na Victor Ling, wakiwa Kanada, walieleza protini iliyokaa kwenye utando wa seli sugu, inaitwa P-glikoprotini. Ni pampu. Dawa ikipenya ukutani inakamatwa palepale na kutupwa nje. Tena haichagui: hutupa hata dawa ambazo mgonjwa hajawahi kupewa.

Sasa chembe nano. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Chembe hizi nyingi zina nanomita 100 hivi. Unywele wako unazizidi upana mara mamia. Dawa hufungwa ndani ya mafuta au protini. Fikirini korosho, ila kinyume chake: kwenye korosho ganda ndilo linalobabua vidole na kiini ni kitamu, hapa kinachobabua ni kiini, ganda linaukinga mwili. Seli huimeza chembe nzima kama tonge, ganda linafunguka ndani, mbali na pampu. Watafiti wengine hutia humohumo kitu cha kuizima pampu yenyewe.

Zipo zinazotumika. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na kubwa lake ni kuuhurumia moyo wa mgonjwa. Kuvunja usugu, hapo bado tuko maabara zaidi kuliko wodini. Tathmini moja ya 2016, iliyokusanya majaribio ya wanyama ya miaka 10, ilikuta kiwango cha kati cha chembe zinazofika kwenye uvimbe ni 0.7% tu. Nyingi huishia kwenye ini na wengu.

Kwa hiyo, mama yangu uliyeniuliza pale mlangoni, huyo anayekuuzia chupa ya "nano" ya kunywa hana dawa hii. Dawa ninazozisema huingia kwa mshipa, hospitalini, daktari akiwapo.

Haya, maswali. Tuanze na mzee wa nyuma, mkono uko juu tangu nilipotaja korosho.