Ndege waliozisumbua ndege

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Leo naongelea kisiwa kinaitwa Ascension, kiko katikati ya Atlantiki kusini ya ikweta, ukitoka pwani ya Afrika ni kama kilomita 1,600 maji matupu. Ni cha Mwingereza, kilomita za mraba 88 tu, mawe ya volkano, wakazi wa asili hakina.

1942 vita imepamba moto, Wamarekani wanataka kuvusha ndege za kivita toka Brazil kuja Afrika na nyingine haziwezi kuvuka bahari yote kwa tangi moja, basi wakapeleka mainjinia wakapasua mawe, ndani ya miezi michache uwanja tayari. Marubani wakawa na utani wao, ati nikikikosa Ascension mke wangu anakula pensheni.

Sasa ishu. Kiswahili chetu bwana, ndege mwenye manyoya na ndege ya bati jina moja, tunatofautisha kwa anaruka na inaruka. Pale mwisho wa njia ya kurukia kulikuwa na buabua, ndege wa baharini, maelfu kwa maelfu wametaga chini kabisa, ndege ikija inakimbia na mzigo wake, wote wanafumka kwa mpigo mbele ya kioo cha rubani! Wakajaribu moshi, wakaleta paka, wapi. Mwisho akaitwa mtaalamu wa ndege, James Chapin, na nyie wa Kongo mliopo hapa huyu ndiye aliyemtambulisha tausi wenu kwa wanasayansi mwaka 1936. Akawaambia vunjeni mayai. Yakavunjwa maelfu (mimi roho iliniuma kusoma hapo), buabua wakahamia upande mwingine wa kisiwa. Na uwanja ukabaki na jina lao la Kiingereza, Wideawake, Wamarekani na Waingereza wanautumia mpaka leo.

1982 vita ya Falklands, Mwingereza na Argentina wakigombania visiwa vya kusini ya Atlantiki, ndiyo ulipata umaarufu. Kupeleka Vulcan moja tu, ndege ya mabomu ya Mwingereza, ikapige uwanja wa Stanley, mji mkuu wa Falklands, zilihitajika ndege 11 aina ya Victor za kubeba mafuta, zinanyweshana zenyewe kwa zenyewe angani usiku, zaidi ya kilomita 6,000 kwenda tu. Mabomu 21, lililopiga njia ya kurukia ni moja.

Halafu 2017 Wideawake ukafungiwa ndege kubwa, sababu mashimo kwenye lami, eti! Zile za kwenda Falklands zikawa zinapitia Afrika Magharibi, mpaka 2023 ndiyo zikarudi. Buabua wao muda wote huo wanakuja tu, kila baada ya miezi kama 10, wanataga.